Damu ipi kwa nani? Kuchagua chembechembe nyekundu za damu wakati wa dharura



Wapendwa waamini, usiku mmoja wa masika tuliitwa hospitalini kumpa Mpako wa Wagonjwa mama aliyekuwa amejifungua saa chache kabla. Mtoto alikuwa mzima. Mama alikuwa akitokwa na damu isiyokoma. Viganja vyake vilikuwa baridi na midomo yake imepauka. Tulipomaliza sala, tulikuta mlangoni mazungumzo ambayo kwa kweli hatukuyaelewa. Maabara ilikuwa imempima na kukuta kwamba kundi lake ni B hasi. Katika jokofu la damu hapakuwa na B hasi, wala O hasi, hata chupa moja. Zilikuwapo chupa chache za O chanya. Barabara ya kwenda Bukoba ni ndefu, na mama yule hakuwa na saa za kusafiri.

Mama mkwe wake alisimama mbele ya daktari akasema: "Mwanangu huyu hapa, ana nguvu. Mtoeni yeye damu, ni damu ya nyumba hii." Daktari alimjibu kwa upole: "Mama, damu ya mumewe ndiyo nisiyotaka kumpa." Hapo mume akatugeukia sisi: "Baba Padre, wanasema damu waliyo nayo si yake kamili. Tukikubali, tunamtendea dhambi?"

Tulimwambia amwamini daktari. Jibu lile halikuwa baya, ila lilikuwa fupi mno kwa swali zito namna ile. Tangu usiku huo tumewauliza wataalamu wa maabara, tumesoma, na tumegundua kwamba waamini wengi wa Karagwe na Kyerwa wana maswali yale yale. Makala haya ni jibu refu tulilopaswa kumpa mume yule.

Kwa nini si kila damu yamfaa kila mtu

Damu ina sehemu kuu mbili. Kuna majimaji ya rangi ya manjano, ambayo wataalamu huyaita plazma, na ndani yake zinaelea chembechembe. Zilizo nyingi kuliko zote ni chembechembe nyekundu, na kazi yake ni kuchukua hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha katika kila kiungo. Mtu anayetokwa na damu nyingi hupoteza wachukuzi hao. Moyo hupiga mbio, lakini kila pigo hubeba hewa kidogo. Ndiyo maana maji ya mishipani peke yake hayatoshi: hujaza mishipa, lakini hayabebi oksijeni.

Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner wa Vienna alieleza jambo lililokuwa limewashinda waganga kwa muda mrefu, yaani kwa nini wagonjwa wengine walipona baada ya kupewa damu ya mtu mwingine na wengine walikufa papo hapo. Juu ya kila chembe nyekundu kuna alama ndogo zisizoonekana kwa macho. Mwenye alama A ni wa kundi A. Mwenye alama B ni wa kundi B. Mwenye zote mbili ni AB, na asiye na hata moja kati ya hizo ni O. Kwa ugunduzi huo Landsteiner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930, na tarehe aliyozaliwa, 14 Juni, ndiyo leo Siku ya Wachangia Damu Duniani.

Jambo la pili ndilo la hatari zaidi. Katika plazma ya kila mtu kuna walinzi, yaani kingamwili, dhidi ya alama ambazo yeye hana. Mtu wa kundi O ana walinzi dhidi ya A na dhidi ya B. Mtu wa kundi B ana walinzi dhidi ya A. Walinzi hawa hutokea wenyewe tangu utotoni, bila mtu kuwahi kuongezewa damu. Kwa hiyo, mgonjwa wa kundi O akipewa chembechembe za kundi A kwa makosa, walinzi wake huzivamia na kuzipasua mara moja. Hupata homa, maumivu ya mgongo, mkojo mweusi. Figo hufa na mara nyingine mgonjwa naye hufa. Kosa hilo halihitaji chupa nzima. Kiasi kidogo tu chaweza kuua.

Kutokana na hayo twaelewa heshima ya kundi O. Chembechembe zake hazina alama A wala B, hivyo walinzi wa mgonjwa yeyote hawapati cha kushambulia upande huo. Chembechembe nyekundu za kundi O zaweza kupewa mgonjwa ambaye kundi lake bado halijajulikana. Tuangalie, hata hivyo, kwamba tumesema chembechembe. Damu nzima ya mtu wa kundi O, pamoja na plazma yake, imebeba walinzi dhidi ya A na B, nao waweza kushambulia chembe za mpokeaji. Kwa sababu hiyo damu nzima hutolewa kwanza kwa mtu wa kundi lile lile, na chupa ambayo plazma yake imeondolewa ndiyo inayofaa zaidi kuvuka kutoka kundi hadi kundi.

Chanya na hasi

Iko alama nyingine, iitwayo D, ya jamii ya Rh. Mwenye nayo huitwa chanya, asiye nayo huitwa hasi. Kati yetu Waafrika walio hasi ni wachache sana, kwa kawaida chini ya 10 katika kila watu 100, hali kwa watu wa asili ya Ulaya hukaribia 15. Kwa kuwa takriban nusu tu ya watu wetu ni wa kundi O, walio O na pia hasi ni wachache zaidi. Hospitali ya wilaya yaweza kukaa majuma mengi bila kuwa na chupa hata moja ya O hasi, na hilo si uzembe wa mtu. Wachangiaji wenyewe ni adimu.

Alama D ina tofauti moja kubwa na A na B. Mtu aliye hasi hazaliwi na walinzi dhidi ya D. Hujifunza kuwatengeneza baada tu ya kukutana na damu chanya, ama kwa kuongezewa damu, ama kwa mama kubeba mimba ya mtoto aliye chanya. Kwa hiyo, mgonjwa hasi anayepewa damu chanya kwa mara ya kwanza kwa kawaida hadhuriki siku ile. Hatari iko mbele: kama atatengeneza walinzi, watabaki mwilini mwake, na akibeba mimba ya mtoto aliye chanya, walinzi hao waweza kuvuka kondo la nyuma na kupasua damu ya mtoto tumboni. Ndiyo sababu madaktari kote duniani huitunza O hasi kwa ajili ya wasichana na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Mwanamume, au bibi aliyekwisha kupita umri huo, hupewa O chanya wakati wa dharura bila kusitasita.

Dakika zinavyohesabiwa

Waamini wengine hulalamika: "Ndugu yetu anakufa, nao wako maabara wanachezea vichupa." Tuwaeleze wanachokifanya.

Mgonjwa akifika akiwa anatokwa na damu, jambo la kwanza ni kuzuia damu isiendelee kupotea, na kuchukua sampuli yake kabla hajaongezewa chochote. Sampuli hiyo ni ya thamani. Ikichukuliwa baada ya damu ya mtu mwingine kuingia, majibu yake yaweza kuchanganya. Kisha kuna njia tatu, kulingana na muda ulio mkononi.

Ikiwa hakuna hata dakika chache za kusubiri, hutolewa chembechembe za kundi O: hasi kwa msichana na mama wa umri wa kuzaa kama ipo, chanya kwa wengine, na chanya kwa wote kama hasi haipo.

Ikiwa dakika 10 au 15 zapatikana, maabara hupima kundi la mgonjwa, na hupewa damu ya kundi lake mwenyewe. Njia hii huokoa akiba ya O kwa mgonjwa ajaye.

Ikiwa muda unakaribia saa moja, hufanyika pia kipimo cha kulinganisha. Damu ya chupa ileile huchanganywa na majimaji ya damu ya mgonjwa yuleyule, ili kuona kama wako walinzi wengine wasiotarajiwa. Mama aliyezaa mara nyingi, au mgonjwa wa selimundu aliyekwisha kuongezewa damu mara kadhaa, aweza kuwa nao hata kama kundi linafanana. Mgonjwa wa selimundu na jamaa zake wakumbuke daima kumweleza daktari kwamba amewahi kuongezewa damu.

Twapenda kuongeza neno ambalo ni la dhamiri kuliko la sayansi. Makosa mengi mabaya ya damu hayatokani na vipimo; hutokana na jina. Chupa ya mgonjwa mmoja hutundikiwa mwingine, au sampuli huandikwa jina lisilo lake. Wako baadhi yetu wanaompeleka mgonjwa hospitalini kwa kadi ya bima ya ndugu yake, wakidhani wanamsaidia. Ndugu, mnaweka katika faili la mtu mmoja kundi la damu la mtu mwingine. Uongo ulioonekana mdogo dirishani waweza kuwa kifo wodini. Muuguzi akiuliza jina mara ya tatu kabla ya kufungua chupa, tusikasirike. Tumjibu kwa ukweli na tumshukuru.

Swali la usiku ule

Sasa turudi kwa mama yetu wa B hasi. Daktari alikuwa na njia mbili. Kusubiri damu hasi kutoka mbali kulimaanisha, kwa kadiri mwanadamu awezavyo kupima, kwamba mama angekufa kabla haijafika. Kumpa chembechembe za O chanya kulimaanisha kwamba walinzi wake dhidi ya A wasingepata cha kushambulia, na kwamba angepata oksijeni usiku uleule, lakini huenda mwili wake ungejifunza kuikataa alama D, na mimba ya baadaye ikapata taabu.

Je, ilikuwa dhambi kukubali? Sasa twajibu kwa uwazi: hapana. Maadili ya Kanisa yafundisha kwamba tendo jema, lililokusudiwa kwa wema, laweza kutendwa hata kama lina matokeo mengine mabaya yanayotazamiwa lakini yasiyokusudiwa, mradi ubaya huo usiwe ndiyo njia ya kuufikia wema, na mradi iwepo sababu nzito inayolingana nao. Kuokoa uhai wa mama ni sababu nzito. Hatari kwa mimba ya baadaye haikutakiwa na yeyote, wala si hatari hiyo iliyomponya. Kilichomponya ni damu. Daktari alichagua vema, na mume alipotia sahihi alitia vema.

Lakini wema huo una deni lake, nalo ni ukweli. Mama aliyepewa damu chanya hali yeye ni hasi ana haki ya kuambiwa, kwa lugha anayoielewa, na kupewa maandishi ya kuweka pamoja na kadi yake ya kliniki. Hapo ndipo tulipokosa. Mama yule alipona baada ya chupa tatu, akarudi nyumbani. Zaidi ya mwaka baadaye alikuja ofisini kwetu kwa shughuli ya ubatizo akiwa na mimba nyingine. Tulipomuuliza kama kliniki wanajua habari za damu ile, alitushangaa. Hakuna aliyemwambia. Wengi walijua jambo hilo, na sisi tukiwa miongoni mwao, na kila mmoja alidhani mwenzake amesema.

Alipopimwa katika hospitali kubwa ya rufaa, alikutwa na walinzi dhidi ya D. Hakuna awezaye kusema kwa uhakika kama walitokana na chupa zile au na mtoto wake wa kwanza, kwa maana mama hasi aliyejifungua mtoto chanya hupaswa kuchomwa sindano ya anti-D ndani ya saa 72, na sindano hiyo hakuipata. Alifuatiliwa kwa karibu. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, akiwa na manjano, akawekwa chini ya taa maalumu na kuongezewa damu. Yu hai. Tulipomwomba mama yule radhi kwa kunyamaza kwetu, alituambia: "Padre, kama ningekufa usiku ule, huyu angezaliwa na nani?"

"Chukueni damu ya mumewe"

Wengi huona ajabu daktari akikataa damu ya mume, hali wawili hao ni mwili mmoja. Umoja wa ndoa ni wa sakramenti; chembechembe za damu hubaki na alama zake. Mtoto hurithi nusu ya alama zake kutoka kwa baba. Mke akiongezewa damu ya mumewe, mwili wake waweza kujifunza kuzikataa alama zilezile ambazo watoto wao watakuja nazo tumboni. Kwa hiyo mke aliye katika umri wa kuzaa huepushwa na damu ya mumewe pale ambapo damu nyingine ipo. Damu ya mzazi au ya ndugu wa tumbo moja nayo ina hatari yake, nadra lakini kali: chembechembe nyeupe za ndugu zaweza kukaribishwa mwilini kama wenyeji, kisha zikaushambulia mwili uliozipokea.

Mume basi afanye nini? Achangie damu iwekwe katika benki, imfae mtu mwingine, na mkewe apewe ya mtu mwingine. Huo ndio upendo wa jirani katika umbo lake lililo wazi: ninatoa kwa nisiyemjua, na wangu anapokea kwa asiyemjua.

Hapa tuonye pia juu ya balaa linaloingia katika nyumba zetu kupitia karatasi za maabara. Baba wa kundi A, mama wa kundi B, mtoto akapimwa akakutwa O. Na baba akaanza kumshuku mkewe. Wapendwa, mtoto huyo aweza kabisa kuwa wake. Kila mtu hubeba urithi mbili, moja ya baba na moja ya mama, na urithi wa O hujificha nyuma ya A au B. Wazazi wawili wenye O iliyojificha wanaweza kumzaa mtoto wa O. Vivyo hivyo, wazazi wawili chanya wanaweza kumzaa mtoto hasi. Asivunje mtu ndoa yake kwa karatasi asiyoweza kuisoma. Aje kwanza kuuliza.

Watoto wetu na malaria

Katika Kagera wanaoongezewa damu kwa dharura si akina mama na majeruhi wa pikipiki peke yao. Ni watoto wadogo waliokaushwa damu na malaria, hasa mvua zikiisha. Kwao, kuchagua damu huanza na swali la kama inahitajika sasa.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto aongezewe damu pale himoglobini yake inapokuwa chini ya gramu 4 kwa desilita, au chini ya 6 akiwa na dalili za hatari kama kupumua kwa shida au kupoteza fahamu. Utafiti uliofanyika Uganda na Malawi kwa watoto zaidi ya 3,000, na kutangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wenye himoglobini kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari hawakupata nafuu ya ziada ya uhai kwa kuongezewa damu papo hapo, ikilinganishwa na kufuatiliwa kwa makini na kuongezewa pale hali ilipobadilika. Kwa hiyo mzazi akiambiwa, "Mama, tunamwangalia kwanza, tunampa dawa ya malaria," asidhani mtoto wake ametupwa. Akae karibu naye, na akiona anapumua kwa taabu au amelegea, apige kelele.

Wengine hudai damu mbichi ya leo, wakisema ya jokofuni imechakaa. Utafiti mwingine, wa Hospitali ya Mulago huko Kampala, uliotangazwa mwaka 2015, uliwagawa watoto 290 wenye upungufu mkubwa sana wa damu: wengine walipewa damu iliyokaa siku chache, wengine iliyokaa majuma kadhaa. Damu ya zamani haikushindwa kuwafikishia oksijeni kama ile mpya. Damu iliyotunzwa vema katika baridi ya nyuzi 2 hadi 6, ndani ya muda ulioandikwa juu ya chupa, ni damu njema. Tena imekwisha kupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Damu ya haraka haraka isiyopimwa ndiyo ya kuogopwa.

Kanisa lasemaje

Baadhi ya majirani zetu hufundishwa kwamba kupokea damu ya mtu ni kosa mbele za Mungu, wakitaja agizo la Mitume katika Matendo sura ya 15. Tuwaheshimu, lakini tujue imani yetu. Agizo lile lilihusu kula damu, ili Wakristo wa mataifa na wa Kiyahudi waweze kuketi meza moja bila kukwazana. Heshima ya Maandiko kwa damu hutoka katika heshima kwa uhai ambao Mungu ndiye mwenyewe. Kutoa damu ili ndugu aishi hakudharau uhai huo, huutumikia. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995, aliuhesabu utoaji wa viungo, unaofanywa kwa namna inayokubalika kimaadili, kati ya matendo ya kishujaa ya kila siku; na Katekisimu nayo yausifu kama tendo la ukarimu. Kutoa damu, ambako mwili hukurudisha wenyewe, ni rahisi kuliko huko.

Kwa sababu ni zawadi, damu haiuzwi wala hainunuliwi. Anayedai fedha kwa ajili ya chupa, awe ndani ya hospitali au kijana anayezunguka nje ya geti akijitolea kwa malipo, anatenda dhuluma juu ya mgonjwa. Tena anayechangia kwa fedha ana sababu ya kuficha magonjwa yake.

Tufanye nini parokiani

Tumekwisha kuona kwamba chaguo la daktari haliwezi kuwa bora kuliko kilichomo jokofuni. Siku ile hapakuwa na chupa ya B hasi kwa sababu hakuna mwenye B hasi aliyekuwa ameitoa. Lawama hiyo haielekezwi kwa hospitali. Yatugusa sisi sote.

Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupokea wachangiaji wenye afya njema, wenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume aweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mama mjamzito au anayenyonyesha asubiri. Chupa moja ni karibu nusu lita, na chembechembe zake hudumu takriban majuma 5 tu. Kwa hiyo haitoshi parokia kuchangia mara moja kwa mwaka kwa ngoma na fulana, kisha ikasahau. Sehemu kubwa ya damu nchini hutoka kwa wanafunzi. Shule zinapofungwa mwezi Juni, jokofu hupungukiwa, na ndiyo miezi ambayo malaria ya baada ya masika huwaleta watoto wodini. Mwezi Julai, ambao kwa desturi tunaiheshimu Damu Azizi ya Bwana wetu, ungekuwa wakati wa kufaa kabisa kwa WAWATA, UWAKA na VIWAWA wa kila parokia ya Jimbo letu la Kayanga kuchukua nafasi ya wanafunzi hao. Na wanaopenda kuchangia wakati wa Kwaresima wafanye hivyo kwa furaha, ila wasije siku ya kufunga. Mchangiaji hupaswa kuwa amekula na kunywa maji ya kutosha.

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, twashauri mambo matatu. Kwanza, kila mwenye kuchangia aulizie kundi lake na aliandike mahali pa kudumu. Pili, aliye hasi, na hasa O hasi, ajue kwamba amekabidhiwa talanta adimu: aiachie hospitali iliyo karibu namba yake ya simu na akubali kuitwa usiku. Asichangie ovyo kila kampeni ikipita, bali afuate ushauri wa maabara juu ya wakati unaofaa. Tatu, kila mama mjamzito aulize kliniki kundi lake na kama ni chanya au hasi. Akiwa hasi, familia ianze mapema kupanga mahali pa kujifungulia, kuulizia sindano ya anti-D, na kuwatafuta wachangiaji wawili au watatu wa aina yake, kabla ya usiku wa dharura kufika.

Msamaria yule wa Injili ya Luka hakuuliza kabila la majeruhi. Alimfunga vidonda kwa alivyokuwa navyo mkononi, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akaacha fedha na ahadi ya kurudi. Daktari wa usiku ule naye alitibu kwa alivyokuwa navyo. Mtu fulani asiyejulikana, huenda mkulima wa migomba au mwanafunzi, alikuwa ameziacha chupa zile jokofuni majuma kadhaa kabla, bila kujua ni za nani. Mama aliyezipokea bado huja Misa ya kwanza na watoto wake wawili. Kundi lake, B hasi, limeandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la kadi yake ya kliniki. Aliliandika mwenyewe.